Mtandao wa kasi Tabora: Yapasayo kuzingatiwa kabla ya kununua moduli za swichi

Na Mwandishi Wetu

MJI wa Tabora umekuwa njia panda tangu enzi za misafara. Bidhaa na barua zilizotoka Bagamoyo kwenda Ujiji zilipita hapa, na kutoka hapa njia ziligawanyika: moja ikielekea magharibi hadi Ziwa Tanganyika, nyingine ikipanda kaskazini hadi Karagwe na Buganda.

Leo kinachopita katika njia hiyo ni mwanga ndani ya nyuzi za kioo. Taasisi nyingi za mji huu, zikiwemo shule, vyuo, hospitali na ofisi za umma, zinaweza kuunganishwa na dunia kwa kasi ambayo miaka ishirini iliyopita ilisikika tu kama habari ya nchi za mbali.

Hata hivyo, mkongo kufika mjini ni jambo moja, na taasisi kuutumia ipasavyo ni jambo jingine. Kati ya mkongo na meza ya mtumiaji kuna chombo kiitwacho swichi, na ndani ya swichi kuna moduli. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea kwa sababu ya kununua kabla ya kupanga.

Makala haya yanaeleza moduli hizo ni nini, zinavyofanya kazi, na hesabu ambazo mkuu wa taasisi, mhasibu au fundi anapaswa kuzifanya kabla ya zabuni kutangazwa.

Kutoka misafara hadi mkongo

Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh, jina ambalo Burton aliliandika kwa mahali palipo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba mwaka huo. Safari yao ilichukua siku 134. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo ya takriban kilo 30 kila mmoja, na njia hiyohiyo ilipitisha maelfu ya watumwa waliopelekwa pwani kwa nguvu.

Vituo sita vya njia hiyo, yaani Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji, vimo katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ambayo Tanzania iliiwasilisha UNESCO mwaka 2006. Kwihara iko jirani kabisa na mji wa Tabora.

Baada ya misafara likaja garimoshi. Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la kwenda Mwanza lilikamilika mwaka 1928, na Tabora ikabaki njia panda.

Zamu ya kioo ilikuja karne iliyofuata. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam Julai 2009, na ule wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Katika kipindi hicho Serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, uliofikia urefu wa kilomita 7,560 na kukabidhiwa TTCL kuusimamia. Mkongo huo uliunganisha makao makuu ya mikoa, Tabora na Kigoma zikiwemo, na kufika mipakani mwa nchi jirani.

Tofauti ya mwendo inastahili kutajwa kwa tarakimu. Mwanga ndani ya kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa njia ya kilomita 850 hivi kutoka Dar es Salaam hadi Tabora, habari hutumia sekunde 4 zilizogawanywa kwa 1,000. Kabla ya mkongo, ofisi nyingi za bara zilitegemea setilaiti iliyoko kilomita 36,000 juu ya ikweta, ambapo swali na jibu peke yake huchukua karibu nusu sekunde.

Etheneti ni nini?

Etheneti ni utaratibu wa kompyuta kupelekeana data kwa vifungu vidogo vyenye anwani ya mtumaji na ya mpokeaji. Ilibuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe na David Boggs katika maabara ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California. Kasi yake ya kwanza ilikuwa megabiti 2.94 kwa sekunde.

Mwaka 1983 taasisi ya wahandisi ya IEEE iliipitisha kuwa kanuni rasmi yenye namba 802.3, kwa kasi ya megabiti 10. Tangu hapo kasi imekuwa ikipanda kwa ngazi: megabiti 100 mwaka 1995, gigabiti 1 mwaka 1998, gigabiti 10 mwaka 2002, gigabiti 40 na 100 kwa pamoja mwaka 2010, na gigabiti 400 mwaka 2017.

Jambo la kuzingatia ni kwamba ngazi mpya haifuti ile ya zamani. Kompyuta nyingi za mezani bado hutumia gigabiti 1, ilhali kasi za 10, 40 na 100 hutumika zaidi katika njia kuu zinazounganisha swichi kwa swichi na swichi kwa seva. Kwa mantiki hiyo, taasisi inaweza kuwa na kasi tatu tofauti ndani ya jengo moja, na hiyo si kasoro.

Swichi na moduli zake

Swichi ni sanduku linalopokea data kutoka tundu moja na kuipeleka kwenye tundu jingine linalohusika. Zipo za aina mbili. Ya kwanza ina matundu yaliyofungwa kiwandani, mara nyingi 24 au 48. Ya pili ni ya chasisi: fremu yenye nafasi tupu ambazo mnunuzi huzijaza kadi kadiri ya mahitaji yake.

Neno "moduli" hutumika kwa vitu viwili, na kuchanganya maana hizo kumeharibu maelezo mengi ya zabuni. Maana ya kwanza ni kadi kubwa inayoingizwa kwenye chasisi, yenye matundu mengi. Maana ya pili ni kifaa kidogo, chenye ukubwa wa kidole, kinachochomekwa kwenye tundu moja na kugeuza umeme kuwa mwanga na mwanga kuwa umeme.

Vifaa hivi vidogo vimebadilika umbo mara nyingi. Vya gigabiti 1 vilianza na GBIC, kisha vikaja vidogo zaidi viitwavyo SFP. Vya gigabiti 10 vilianza na XENPAK, vikafuatiwa na X2 na XFP, hadi SFP+ ambayo ina umbo sawa na SFP. Vya gigabiti 40 huitwa QSFP+, na vya gigabiti 100 vinavyotumika sana ni QSFP28.

Umbo likikataa, hakuna ufundi wa kulilazimisha. XENPAK haiingii kwenye tundu la SFP+. Moduli ya SFP mara nyingi hufanya kazi katika tundu la SFP+ kwa kasi ya gigabiti 1, lakini moduli ya SFP+ ya gigabiti 10 haitafanya kazi katika tundu la SFP.

Hatua ya kwanza: Kuujua mzigo

Kiongozi wa msafara alihesabu mizigo kabla ya kuajiri wapagazi. Mtandao nao hupangwa hivyo hivyo. Swali la kwanza ni data kiasi gani itapita, kutoka wapi kwenda wapi, na katika saa zipi.

Chukulia hospitali inayohifadhi picha za mionzi kwenye seva yake yenyewe. Uchunguzi mmoja wa CT unaweza kufikia megabaiti 500. Kwa kuwa baiti moja ni biti 8, hizo ni megabiti 4,000. Kwenye mtandao wa megabiti 100 picha hizo zitachukua sekunde 40 kumfikia daktari. Kwa gigabiti 1, sekunde 4. Kwa gigabiti 10, chini ya nusu sekunde. Hizo ni hesabu za njia ikiwa tupu. Njia yenye msongamano huchukua muda mrefu zaidi.

Chukulia pia chuo kinachonakili kumbukumbu zake kila usiku, na kwamba ni terabaiti 2. Kwa gigabiti 1 kazi hiyo itachukua karibu saa nne na nusu. Kwa gigabiti 10 itakwisha kwa dakika 27. Kama umeme hukatika usiku, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama nakala ya wanafunzi wote itakuwepo asubuhi au la.

Kamera za ulinzi, kwa upande wake, hazina mzigo mkubwa kama wengi wanavyodhani. Kamera 40 zinazotuma megabiti 4 kila moja hufanya jumla ya megabiti 160. Swichi ya gigabiti 1 inazimudu bila shida.

Aidha, ni lazima kutofautisha data inayobaki ndani na ile inayotoka nje. Taasisi inayolipia intaneti ya megabiti 200, na isiyokuwa na seva yoyote ndani, haitaona tofauti hata ikinunua moduli za gigabiti 100. Mlango wa nje ndio utakaobana. Kasi ya ndani huleta faida pale tu ambapo kuna kitu ndani cha kukifuata.

Hatua ya pili: Uwiano wa matundu na njia kuu

Swichi yenye matundu 48 ya gigabiti 1 inaweza kupokea hadi gigabiti 48 kwa wakati mmoja. Ikiwa njia yake ya kwenda swichi kuu ni gigabiti 1 tu, uwiano ni 48 kwa 1. Ikipewa njia moja ya gigabiti 10, uwiano ni 4.8 kwa 1. Ikipewa mbili, unashuka hadi 2.4 kwa 1.

Si lazima uwiano uwe 1 kwa 1, kwa sababu watumiaji hawatumi data kwa nguvu zote kwa pamoja. Kwa ofisi na madarasa, uwiano mkubwa kiasi hauleti madhara. Kwa seva na hifadhi ya data, unapaswa kukaribia 1 kwa 1.

Uwiano huo huo umo ndani ya chasisi, na huko hauonekani kwa macho. Kila nafasi ya kadi ina ukomo wa data inayoweza kupita kwenda nafasi nyingine. Mfano unaojulikana ni Cisco Catalyst 6500, iliyoanza kuuzwa mwaka 1999. Ikiwa na kadi kuu ya Supervisor 720, kila nafasi ilipata gigabiti 40.

Kadi ya matundu manne ya gigabiti 10 ilitosha hapo bila kubanwa. Kadi ya matundu manane ilikuwa na uwiano wa 2 kwa 1, na ya matundu 16 uwiano wa 4 kwa 1. Mnunuzi aliyehesabu matundu peke yake angeamini amepata gigabiti 160, kumbe njia ya kutokea ni 40.

Chasisi za kizazi hicho hazitengenezwi tena, lakini bado zinapatikana katika masoko ya vifaa vilivyotumika kwa bei ya kuvutia. Anayezinunua anapaswa kujua kwamba ananunua pia ukomo huo, pamoja na matumizi makubwa ya umeme na programu isiyopata marekebisho ya usalama.

Hatua ya tatu: Kuchagua waya na kioo

Waya wa shaba wa Etheneti una mwisho wake katika mita 100. Ndani ya jengo unafaa na ni nafuu. Kati ya jengo na jengo, kioo ndicho kinachopendekezwa, na sababu ni zaidi ya umbali.

Tabora hupata mvua za radi, na waya wa shaba unaotoka jengo moja kwenda jingine unaweza kuwa daraja la kupitishia umeme wa radi, ukaunguza swichi za pande zote mbili. Kioo hakipitishi umeme. Zingatia tu kwamba baadhi ya nyaya za kioo zina kinga ya chuma au waya wa kushikilia, na hivyo huhitaji kuunganishwa na ardhi ipasavyo.

Nyuzi za kioo ziko za aina kuu mbili. Ya njia nyingi ina kiini cha mikromita 50 au 62.5, na ya njia moja ina kiini cha takriban mikromita 9. Nyaya za ndani za njia moja kwa kawaida zina ganda la njano; za njia nyingi huwa za rangi ya chungwa au samawati.

Kila aina ina moduli zake. Kwa gigabiti 10, moduli iitwayo SR hutumia mwanga wa nanomita 850 na hufika mita 300 kwenye kioo bora cha njia nyingi cha daraja la OM3. LR hutumia nanomita 1310 na hufika kilomita 10 kwenye kioo cha njia moja. ER hutumia nanomita 1550 na hufika kilomita 30, au 40 pale njia inapokuwa imepimwa na kujengwa kwa uangalifu. Ipo pia ZR ya kilomita 80, ambayo ilitokana na watengenezaji na si kanuni ya IEEE.

Moduli ya SR upande mmoja na LR upande wa pili hazitasikilizana. Kosa hilo ni la kawaida pale jengo moja linapofungwa na mkandarasi mmoja na jengo la pili na mwingine.

Kwa taasisi inayoanza upya, ushauri ni kulaza kioo cha njia moja kati ya majengo yote, hata kama umbali ni mita 200. Kioo hicho kitapokea gigabiti 1 leo, 10 kesho na 100 baadaye kwa kubadilisha moduli tu. Gharama kubwa ya kazi hiyo ni kuchimba mtaro, na mtaro haufai kuchimbwa mara mbili.

Hesabu ya mwanga

Misafara iliyopita Ugogo ililipa hongo kwa watawala wa huko ili ipewe njia na maji. Kila kituo kilipunguza shehena. Mwanga nao hulipa kila unapopita, na kipimo cha malipo hayo ni desibeli. Desibeli 3 zikipotea, mwanga umebaki nusu. Zikipotea 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Zikipotea 20, imebaki sehemu moja ya mia.

Moduli ya LR ya gigabiti 10 ina bajeti ya desibeli 6.2. Chukulia jengo la utawala na mabweni yaliyoko umbali wa kilomita 2. Kioo hupoteza takriban desibeli 0.4 kwa kilomita katika nanomita 1310, hivyo jumla ni 0.8. Viunganishi vinne vya kuchomeka vyenye 0.5 kila kimoja hufanya 2.0. Maungio manne ya kuyeyusha yenye 0.1 kila moja hufanya 0.4. Jumla ni desibeli 3.2, na salio ni 3.0. Njia hiyo ni salama.

Sasa chukulia kituo kilichoko kilomita 25 nje ya mji, kwa moduli ya ER yenye bajeti ya desibeli 10.9. Katika nanomita 1550 kioo hupoteza takriban 0.25 kwa kilomita, yaani 6.25. Viunganishi vinne ni 2.0. Ikiwa waya ulikuja kwa magurudumu ya kilomita 4, kuna magurudumu saba na maungio sita kati yake, pamoja na mawili ya mwisho, jumla 0.8. Njia nzima inapoteza desibeli 9.05, na salio ni 1.85.

Salio hilo latosha siku ya kwanza. Lakini waya ukikatwa na tingatinga la barabara, ukarabati wa kawaida huongeza maungio mawili. Ukikatwa mara kadhaa, na maungio yakifanywa kwa haraka chini ya jua na vumbi, salio litakwisha na njia itaanza kuyumba bila kukatika. Hiyo ni hitilafu ngumu kuliko zote kuitafuta. Wataalamu hupendekeza salio la desibeli 3 libaki pale inapowezekana.

Mwanga mwingi kupita kiasi nao ni hatari. Moduli ya ER inaweza kurusha hadi desibeli 5 zaidi ya kile ambacho mwenzake wa upande wa pili anavumilia. Fundi anayezijaribu mbili juu ya meza kwa waya wa mita 1, bila kifaa cha kupunguza mwanga, anaweza kuharibu zote kabla hazijafika kazini.

Tabora hadi Kigoma

Umbali wa takriban kilomita 400 kati ya Tabora na Kigoma hauwezi kuvukwa na moduli ya kawaida ya swichi. Kwa desibeli 0.25 kwa kilomita, njia hiyo ingepoteza desibeli 100, na hakuna kipokezi cha kawaida cha kuona kilichobaki.

Kazi hiyo hufanywa na mitambo ya kampuni za mawasiliano inayopitisha rangi nyingi za mwanga katika uzi mmoja, kila rangi ikibeba data yake. Mwanga huo hukuzwa njiani kila baada ya kilomita 80 hadi 100. Kwa vipande vya kilomita 80, njia ya kilomita 400 inahitaji vituo vinne vya kati, kila kimoja kikiwa na umeme, betri, kinga ya radi na mlinzi.

Taasisi ya Kigoma au Ujiji inayotaka kuungana na tawi lake la Tabora haina haja ya kununua mitambo hiyo. Inachonunua ni huduma, na inachohitaji kukubaliana na mtoa huduma ni mambo manne: kasi, aina ya kioo kitakachoingia jengoni, aina ya kiunganishi, na moduli itakayotumika pande zote mbili. Mambo hayo yaandikwe kwenye mkataba.

Umeme, joto na vumbi

Moduli ndogo ya SFP+ ya kioo hutumia wati 1 hadi 1.5. Matundu 48 yakijaa, hizo ni wati 72 hivi, kabla ya kuhesabu swichi yenyewe. Moduli za gigabiti 10 za waya wa shaba hutumia umeme mwingi zaidi na hupata joto kali, hivyo baadhi ya swichi haziruhusu kuzipanga bega kwa bega.

Mzigo mkubwa zaidi wa umeme hutokana na swichi inayolisha simu, kamera na vituo vya intaneti isiyo na waya kupitia waya wa data. Kwa kanuni ya mwaka 2003 tundu moja linaweza kutoa wati 15.4, na kwa ile ya mwaka 2009 wati 30. Matundu 48 ya kanuni ya pili yakitumika yote ni wati 1,440. Ni wajibu wa mnunuzi kuangalia kama kipoza umeme cha swichi kinafikia kiwango hicho, na kama betri za akiba zimepangwa kwa mzigo huo.

Joto huhesabiwa kwa urahisi. Kila wati moja ndani ya chumba ni BTU 3.41 kwa saa. Chumba chenye swichi kuu na seva zinazotumia wati 2,300 kinahitaji kuondolewa BTU 7,843, bila kuhesabu joto la paa na watu. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kitafaa, na viwili vya kupokezana ni bora zaidi.

Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya mwinuko ni nyepesi, na feni hupoza kidogo kuliko pwani. Watengenezaji wengi hupunguza kiwango cha juu cha joto kinachoruhusiwa kadiri mwinuko unavyopanda. Takwimu hizo zimo katika kijitabu cha chombo na zinapaswa kusomwa.

Vumbi la kiangazi lina madhara yake. Chembe moja kwenye ncha ya kioo chenye kiini cha mikromita 9 inaweza kuziba mwanga wote. Vifuniko vya plastiki vinavyokuja na moduli visitupwe, na kila ncha isafishwe kabla ya kuchomekwa.

Mitego ya ununuzi

Mtego wa kwanza ni chapa. Moduli huandikwa ndani yake jina la mtengenezaji, na baadhi ya swichi hukataa moduli ya chapa nyingine. Zabuni idai majaribio ya moduli ndani ya swichi husika kabla ya malipo.

Mtego wa pili ni leseni. Swichi inaweza kuja na matundu ya gigabiti 10 yaliyofungwa kwa programu hadi leseni ilipiwe. Zabuni itamke kwamba matundu yote yawe wazi siku ya kukabidhiwa.

Mtego wa tatu ni moduli za uzi mmoja, ambazo hutuma kwa rangi moja na kupokea kwa nyingine. Hizi ni dume na jike. Ukinunua kumi za upande mmoja, hazina kazi.

Mtego wa nne ni kiunganishi. Vya kijani vimekatwa mshazari na vya samawati havikukatwa hivyo. Kuvichomeka pamoja hupoteza mwanga na kunaweza kukwaruza kioo.

Mtego wa tano ni kuweka njia zote mbili za akiba katika kadi moja, au nyaya zote mbili katika mtaro mmoja. Kadi ikiungua au mtaro ukichimbwa, njia zote mbili hufa pamoja, na fedha ya njia ya pili itakuwa imetumika bure.

Akiba ibaki mjini

Maduka yenye moduli hizi yako zaidi Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 800. Moduli ikifa Ijumaa jioni, hospitali inaweza kukaa siku kadhaa bila mfumo wa wagonjwa kwa kukosa kifaa cha ukubwa wa kidole.

Kanuni rahisi ni kuwa na akiba ya moduli moja kwa kila kumi zinazotumika, na isipungue moja kwa kila aina. Kwa sababu hiyo, ni busara kupunguza aina. Taasisi inayotumia LR peke yake inahitaji akiba ya aina moja. Inayochanganya SR, LR na ER inahitaji tatu. Ziada ya bei ya LR mahali ambapo SR ingetosha hurudi kwa njia hiyo.

Kifaa cha kupimia nguvu ya mwanga nacho kiwepo, pamoja na daftari la vipimo vya kila njia siku ilipokabidhiwa. Bila vipimo vya siku ya kwanza, fundi hawezi kujua mwanga umeshuka kiasi gani.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia saini

Mkuu wa taasisi si lazima awe mhandisi. Anaweza kuilinda fedha ya umma kwa kudai majibu ya maandishi kwa maswali haya: Data gani itapita, na kiasi gani? Kila nafasi ya chasisi inapitisha gigabiti ngapi? Kioo kilichopo ni cha aina gani, kina urefu gani, na kimepimwa lini? Salio la mwanga ni desibeli ngapi kwa kila njia? Umeme na betri vinatosha swichi ikiwa imejaa? Njia mbili za akiba zinapita wapi? Akiba ya moduli itakaa wapi, na nani ana ufunguo?

Mzabuni anayeweza kuyajibu amefanya kazi yake. Asiyeweza arudishwe akapime kwanza, maana kosa linalogunduliwa kwenye karatasi hurekebishwa kwa kalamu, na lile linalogunduliwa baada ya mzigo kushuka Tabora hurekebishwa kwa zabuni nyingine.